Mama Amoit na Toleo Lisilonyeshewa

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Nimekuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani, kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Sijazoea kusema uongo, na kwa umri huu sioni faida ya kuanza.

Ninatunza rekodi za wagonjwa katika zahanati ndogo ya kanisa, kati ya Adungosi na Malaba. Wanaokuja kwetu ni wakulima wa hapa na madereva wa malori wanaongoja zamu ya kuvuka mpaka. Dereva haji na faili. Anakuja na jina lake tu, na wakati mwingine hata hilo linasemwa na mwenzake, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kusema. Jina hilo ndilo tunalolitafuta kwenye kompyuta ili tujue dawa gani itamponya na ipi itamuua. Kwa hiyo unaelewa: kwetu jina likipotea, mtu naye anaweza kupotea.

Programu inayotunza majina hayo wataalamu wanaiita hifadhidata. Yetu ilikuwa ya toleo la zamani mno, na waliolitengeneza walikuwa wametangaza kwamba hawatalirekebisha tena. Ilibidi tuhamie toleo jingine. Fundi wetu, Hamisi, mtu mzima mwenye duka la kompyuta mjini Busia, alituletea karatasi yenye matoleo mawili. La kwanza lilikuwa limetumika zaidi ya mwaka mzima. La pili lilikuwa limetoka majuma matatu tu yaliyopita, likisifiwa kwa kasi yake. Muuguzi mkuu aliniachia mimi nichague. Hamisi akanionya kwamba tukishahama, kurudi nyuma si kazi ya siku moja.

Nilichagua jipya. Unajua kwa nini? Majivuno tu. Nilitaka watu wa ofisini waone kwamba mzee naye ni wa kisasa. Nikaweka sahihi bila kuuliza swali hata moja.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Hamisi alifika asubuhi, akatoa nakala ya rekodi zote, na ilipofika saa sita akaenda kula kabla ya kuanza. Mara mvua ya mawe ikashuka, ile ya kupiga mabati mpaka huisikii sauti yako mwenyewe. Nikasimama peke yangu katika chumba cha rekodi nisali Malaika wa Bwana, sala ambayo kiongozi husema na wengine huitikia, kama nifanyavyo kila adhuhuri. Nilisema maneno ya kiongozi. Kabla sijaendelea, sauti ya mwanamke ikaitikia nyuma yangu, na niliisikia wazi kuliko mvua.

Nikageuka. Mama Amoit alikuwa ameketi kando ya kabati lake.

Mama Amoit ndiye aliyetunza vitabu vya wagonjwa kabla ya kompyuta, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha sana. Kitabu kipya kikiletwa, hakuandika kitu ndani yake. Alikifungia kabatini mpaka mvua za msimu mzima zipite, kisha akakitoa na kukikagua. Je, karatasi zimeshikana? Wino unasambaa? Gundi imeachia? Kilichoharibika alikirudisha dukani. Kilichosalimika alikichora mstari wa penseli kwenye jalada, na ndipo akaanza kuandika majina ya watu.

Sasa sikiliza. Mama huyo alikuwa amefariki miaka minne kabla ya siku hiyo. Mimi mwenyewe niliongoza sala kaburini, na udongo niliumwaga kwa mkono huu. Ufunguo wa kabati lake tuliutafuta mpaka tukachoka, na kabati likabaki limefungwa.

Nilikimbia? Hapana. Nilishika rozari nikamtazama. Kitenge chake kilikuwa kikavu kabisa katika mvua ile, na uso wake ulikuwa ule ule wa kungoja jibu. Aliinuka, akaja mezani, akaweka kidole juu ya sahihi yangu kwenye karatasi ya Hamisi.

"Mwalimu," akasema, kwani ndivyo alivyoniita siku zote, "hiki kimenyeshewa mvua ngapi?"

Nilifumba macho nikamaliza sala. Nilipofumbua, hapakuwa na mtu, na mvua ilikuwa imekatika. Lakini kwenye kabati, ufunguo ulikuwa umechomekwa, wenye kutu, ukiwa na kile kitambaa chekundu alichokuwa ameufungia enzi za uhai wake. Mambo mengine unaweza kusema niliota. Ufunguo je?

Hamisi aliporudi alinikuta nimeketi sakafuni. Nikamwambia lile toleo jipya tusiliweke. Akacheka.

"Mzee, si ni wewe ulitaka mpya? Ama mawe yamekugonga kichwa?"

"Limerekebishwa mara ngapi tangu litoke?"

"Bado hata mara moja."

"Na lile lingine?"

Akafungua kompyuta yake akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, na kicheko kikamwisha polepole. Lile lingine lilikuwa limerekebishwa mara nane, na kila mara wameandika kosa gani lilionekana na limezibwa vipi. Nikamwambia hizo ndizo mvua zake. Makosa yake yamekwisha kuwapata wengine na yakazibwa. Ya lile jipya bado yanatungoja sisi. Akasema sawa, ila jipya atalijaribu kando, nisimkataze. Sikumkataza. Lile la mara nane likaingia kwenye kompyuta kuu. Jipya likawekwa kwenye kompyuta ya akiba, na kila jioni tuliingiza humo rekodi zile zile.

Siku ya kumi na moja, Hamisi akiwa kwetu kukagua, dereva mmoja aliletwa na mwenzake kutoka foleni ya Malaba. Alikuwa na homa kali, mguu umevimba na kutunga usaha, hajitambui. Mwenzake alijua jina lake tu, na kwamba aliwahi kutibiwa hapa. Muuguzi alikuwa ameandaa sindano ya penisilini, akingoja neno letu. Mimi nikaketi kwenye kompyuta kuu, Hamisi kwenye ile ya akiba, tukaandika jina kwa pamoja.

Kwake likatokea neno moja: Hayupo. Akaandika tena. Hayupo.

Kwangu jina likafunguka mara moja, na chini yake maandishi mekundu kwamba asipewe penisilini, iliwahi kukaribia kumuua. Nilipaza sauti ambayo sikujua bado ninayo. Muuguzi akaweka sindano chini, akachukua dawa nyingine.

Hamisi alichunguza mpaka jioni. Rekodi ya dereva ilikuwemo kwenye ile ya akiba, nzima kabisa. Iliyovurugika ni ile orodha ambayo kompyuta hutumia kutafuta majina. Kosa lilikuwa la toleo lenyewe, na mwezi uliofuata waliolitengeneza walikiri na kuliziba. Jioni ile Hamisi akasema Alhamdulillahi, nami nikasema Amina.

"Ningemuua mtu, mzee," akasema. "Tena kwa kasi."

Yule dereva alipona. Hadi leo akipita na lori lake hupiga honi mara tatu, na wauguzi hutoka nje kumpungia. Jumapili ile niliimba kanisani kama mtu aliyeshinda vita, kwa maana tulikuwa tumeshinda. Padre nilimweleza yote. Akaniambia kwamba anayetuita kwenye subira ili watu waishi hawezi kuwa adui.

Ufunguo bado uko kwenye kabati. Hakuna anayethubutu kuuchomoa. Nami nikisali adhuhuri huacha nafasi kidogo baada ya maneno ya kiongozi. Sijaitikiwa tena, lakini nafasi huiacha.

Basi wewe unayetunza majina ya watu, usikae katika toleo lililoachwa bila wa kulirekebisha, wala usikimbilie lililotoka jana. Uliza limenyeshewa mvua ngapi. Usipouliza, utaulizwa wewe, na atakayekuuliza atakuwa ametoka kwenye mvua na nguo zake ni kavu.