Udongo Unaomeza Watoto

Upumbavu wangu ni huu: nilimtisha mtoto wa miaka sita kwa somo la jiografia.

Majirani zetu walikuwa wanafukuzwa mji wetu wa Likasi warudi jimbo la Kasai, ati kwao, ingawa mtoto yule alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Walikuwa wanangoja treni pale kituoni, wanalala juu ya mizigo. Nilipowapelekea bukari, ugali wa mama, mtoto, aliyeniita yaya kama mkubwa wake, akaniuliza, "Yaya, kule Kasai kuko milima kama hapa?"

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba sehemu kubwa kule ni mchanga, na mvua huuchimba makorongo yanayoangusha nyumba. Mimi, mchekeshaji wa darasa, nikatia chumvi.

"Milima haiko. Kule udongo unafungulaka kinywa, unameza batoto ba Likasi. Batoto ba kule udongo unabajua, haubagusi."

Nikacheka peke yangu.

Treni ilipofika siku ya tatu, mtoto alitoroka. Tulimkuta jioni chini ya kitanda changu. Mama yake alikuwa ameshuka behewani kumtafuta, na treni ikaondoka bila wao. Walingoja nyingine wiki tatu, wakinywa maji machafu ya mfereji. Mtoto akashikwa na kuhara, akafa palepale kituoni.

Tulipotoka makaburini nilimweleza mama yangu kila kitu. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alisema, "Mama yake asijue hata siku moja. Hii maneno utaibeba weye peke yako."