Dawa Iliyolala na Nyama

Marehemu Nurgaisha, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, alikuwa fundi wa kutarizi mapazia ya ukutani, na bibi harusi wengi wa Olgii, mji wetu wa Waislamu magharibi mwa Mongolia, walilala siku ya kwanza chini ya kazi ya mkono wake. Waliojua kwamba alikuwa na kisukari walikuwa wachache mno. Kwa miaka kumi na tisa alijidunga insulini mara nne kwa siku: ghalani, chooni, nyuma ya kabati la vyombo, popote penye mlango wa kufunga. Ndivyo alivyotaka mama mkwe wake, Bi Biken.

"Nina mabinti watatu hawajaolewa," alimwambia siku alipoolewa katika nyumba ile. "Nani atakuja kuposa kwenye nyumba ya sindano?"

Mabinti waliolewa wote, wakazaa, na siri ikabaki siri kwa mazoea tu.

Januari ile jicho lake la kushoto lilikuwa limezima, na la kulia lilianza kuchanganya uzi mwekundu na mweusi. Daktari wa macho kule mji mkuu, Ulaanbaatar, alimpangia Alhamisi saa tatu asubuhi, akamwonya kwa simu: "Ukija na sukari imepanda, siligusi. Na Ijumaa nasafiri, sirudi mpaka kiangazi." Jicho lisingengoja kiangazi. Hilo Nurgaisha alilijua bila kuambiwa.

Jumatano alfajiri alipima sukari, akapata saba, akashukuru. Akajidunga, akala. Lakini kwetu msafiri hatoki bila kuonja chakula cha kuagwa, na saa tatu Bi Biken alikuwa amejaza meza maandazi, zabibu kavu na jamu.

"Onja, mwanangu. Ukikataa chakula cha nyumbani, njia nayo itakukataa."

Akaonja, na kuonja kwa Bi Biken si tonge moja. Akajisemea moyoni kwamba atajidunga uwanja wa ndege, chooni kama kawaida yake. Nje, shemeji yake Tileubek, ambaye angemsindikiza safarini, alikuwa anafunga kamba boksi la nyama ya farasi ya kupelekea jamaa wa mji mkuu. Nyama hiyo ilikuwa ghalani tangu Novemba, imekauka kwa barafu, ukiigonga inalia kama jiwe.

Uwanjani, boksi lilipimwa, likaenda. Kwenye ukaguzi, kijana wa mashine akashika mkoba wa Nurgaisha, akatoa pakiti ya sindano.

"Mama, hizi unaenda kuchanja ng'ombe wa nani?"

Nyuma yake foleni ilicheka. Alikuwamo mke wa mwalimu mkuu, na mdomo wa mke wa mwalimu mkuu ulijulikana mji mzima.

"Za mama mkwe wangu," Nurgaisha alisema.

"Barua ya daktari humu ina jina la Nurgaisha. Mama mkwe ndiye Nurgaisha?"

"Kijana, piga muhuri tupite," Tileubek akadakia. "Ndege ikituacha utatubeba mgongoni?"

Kijana akarudisha vitu. Nurgaisha akakimbilia chooni, akafunga mlango, akafungua kifuko chake. Sindano zipo. Kipimo kipo. Kalamu za insulini, zile zenye dawa yenyewe, zote nne, hazipo. Akapekua mkoba mpaka kwenye bitana, kisha akapiga simu nyumbani.

"Nimezitoa mimi," Bi Biken alisema kwa furaha. "Ulipokuwa unavaa viatu. Si muuguzi alisema dawa inataka baridi? Ndani ya ndege wanawasha joto kama tanuri. Nimezilaza kwenye boksi, katikati ya mbavu za farasi. Zitafika nzima kabisa."

Nurgaisha akaegemea ukuta. Insulini inataka baridi ya friji. Ikiganda imekufa, na hata ukiiyeyusha haifufuki.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama. Ahsante."

Zahanati ya Olgii ilikuwa imempa mgao wote wa mwezi, hakukuwa na mwingine. Ulaanbaatar kulikuwa na maduka ya dawa kila mtaa, na safari ya ndege ni mwendo wa saa tatu tu. Akapima: kumi na mbili. Akasema bismillah, akapanda.

Hawakufika. Nusu ya safari rubani alitangaza kwamba moshi na ukungu vimefunika mji mkuu, na ndege ikageuza, ikatua mji mdogo wa Khovd. Abiria wakashushwa, wakasubirishwa kwenye ukumbi.

Saa ya kwanza, kumi na saba. Kiu ikamshika, akanywa maji chupa nzima, akaenda chooni, akarudi, akanywa tena. Saa ya pili, ishirini na moja. Midomo ilimkauka na miguu ikawa mizito kama imevaa matope. Tileubek alimtazama, mzaha ukamwisha.

"Shemeji, hali ikoje?"

"Inapanda."

"Nikamwambie yule dada wa uwanja?"

"Nyamaza. Wakijua naumwa watanibakiza hapa."

"Na usiposema?"

Nurgaisha akaonyesha mbele kwa kidevu. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa ameketi viti viwili mbele, anamenya mbegu za alizeti, masikio wazi. Nurgaisha akashika tasbihi mfukoni, lakini hesabu ilimpotea kila alipofika thelathini.

Kisha yule dada wa uwanja akaingia akipiga makofi. "Jamani, anga limefunguka, tutaondoka baada ya saa moja na nusu. Asiyejisikia vizuri aseme sasa, hospitali iko karibu. Sitaki mtu azimie angani."

Akapima mara ya mwisho. Ishirini na nne. Akisema, atalazwa Khovd na Alhamisi itapita. Akinyamaza, atafika mbele ya daktari na damu kama shira, ikiwa atafika kwa miguu yake. Kote kuwili jicho linakwenda.

Akasimama. Ukumbi ulimzunguka kidogo, akashika kiti.

"Jamani," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Mimi nina kisukari. Dawa yangu imeganda na nyama kwenye mizigo. Sindano ninazo, insulini sina. Kuna mwenye ile ya kabla ya chakula, inayoshusha haraka?"

Mbegu za alizeti zikanyamaza.

Kisha kule pembeni mama mmoja Mmongolia, si wa kabila letu, mnene, mwenye joho la ngozi ya kondoo, akainua mkono.

"Mimi hapa! Mimi pia wa sindano. Mume wangu ananiita nungunungu." Akaingiza mkono kifuani mwa joho, ndani kabisa, kama anayetoa kitoto cha mbuzi kilichozaliwa kwenye theluji, akatoa kalamu mpya iliyofungwa. "Hailali kwenye mkoba hii, inalala na mimi. Nani alikufundisha kuilaza na nyama?"

"Mtu anayenipenda," Nurgaisha alisema.

"Basi akupende kidogo kidogo! Njoo, keti."

Nurgaisha akatazama mlango wa choo, ulikuwa mbali. Akainua shati palepale, mbele ya ukumbi mzima, akahesabu vipimo sita na si zaidi, maana sukari ikiporomoka angani ni balaa la pili. Akajidunga. Tileubek akageuka akafuta macho, akisingizia baridi.

Dada wa uwanja akaja juu. "Mama, siwezi kukupandisha hivi."

"Nipime. Nipime kila nusu saa. Ikishuka napanda, isiposhuka nitaita gari la hospitali mwenyewe."

Nusu saa: ishirini na tatu. Dada akatikisa kichwa. Saa nzima: kumi na tisa. Abiria walikuwa wamejipanga mlangoni, wengine wakimgeukia kumtazama. Rubani alipoita, ilikuwa kumi na sita. Dada akamtazama usoni, akamwuliza jina lake na siku ya leo, akajibiwa sawa, akamsogezea begi lake kwa mguu.

"Nenda. Kunywa maji."

Jioni ile Tileubek alinunua insulini mpya hata kabla ya kufuata boksi la nyama. Alhamisi saa tatu daktari alitoboa kidole cha Nurgaisha, akasubiri namba. Nane na nusu. Akasema, "Lala hapa, usipepese."

Jicho lile lilimtumikia miaka kumi na mmoja, mpaka figo zilipomwita kwa Mola wake. Kila Ijumaa alipokaanga mikate saba na kuwataja marehemu wa ukoo, mwishoni alimwombea mtu mmoja aliye hai, mama wa joho la kondoo, ambaye katika haraka ile hakuna aliyemwuliza jina. Ijumaa hii mikate saba inakaangwa kwa ajili ya Nurgaisha. Bi Biken, ambaye sasa haoni vizuri, ndiye anayekanda unga.