Kanga Mbele ya Kiota

Jirani yetu wa hapa Chamazi ni mpiga picha wa harusi, na wakati wa kulishana keki sauti yake huushinda muziki: “Bibi harusi, rudia! Sijaipata!” Lakini ndege mdogo aitwaye chozi alipotundika kiota kwenye waya wa taa ya baraza letu, jirani huyohuyo alianza kunong'ona. Mama yangu, aliyelazwa ndani na nyonga iliyovunjika, aliwasikia makinda kupitia dirisha na akatamani kuwaona wakilishwa kabla hawajaruka. Siku ya kwanza ndege aliiona kamera akagoma kutua. Makinda walilia, jirani akaifunika lenzi kwa kiganja chake kipana, akaondoka bila picha.

Kesho yake aliingia kwa mama, akainama. “Shikamoo, mama. Naomba ile kanga yako inayoanikwa kambani pale barazani. Ndege ameshaizoea.” “Utaivaa wewe?” “Gubigubi, kama mwali.” Mama akacheka mpaka nyonga ikamkumbusha. Jirani alijifunika, akatulia, jasho likimdondoka kidevuni. Ndege akaja, akalisha, akaenda, kidole cha jirani hakikusogea kwenye kamera. “Wale kwanza,” alininong'oneza. Ndege aliporudi tena ndipo kamera ilipolia, taratibu. Tukampelekea mama kamera kitandani; aliishika kwa mikono miwili, akautazama pichani mdomo mrefu ukizama kinywani mwa kinda mkubwa, na tabasamu likakatika. “Na huyu mdogo, kanyimwa?” “Nilimsubiri naye, mama,” jirani akajibu, akibonyeza kitufe. “Huyu hapa.” Mama akamshika mkono, hakuuachia. “Ahsante, baba. Rudia, nimwone tena.”