Mopu Niliyomchagulia Shangazi

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikijilazimisha. Mvua ilikuwa inanyesha Arua, nami nimesimama na ndoo yangu nikiwa na furaha kuliko siku zote. Nakusimulia kwa sababu umekuja kuniambia umepewa kazi ya kuchagua mopu za jengo zima, ukasema utachukua zozote tu, kwani mopu ni mopu. Neno hilo limenichoma. Kaa hapo.

Wakati huo nilikuwa mfagizi katika jengo la maduka mjini. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Andama, Mlugbara wa Onduparaka, mtu wa maneno machache isipokuwa timu yake ya mpira ikifungwa. Alimpa kila mfagizi mopu mbili. Moja ilikuwa ya nyuzi za pamba, nene, yenye kubeba maji mengi. Hiyo ilikuwa ya veranda, penye saruji ya kukwaruza na tope jekundu la viatu. Ya pili ilikuwa bapa, ya kitambaa laini, ya kupitisha ndani kwenye vigae baada ya kuikamua mpaka isidondoshe hata tone.

Ile bapa niliidharau. Sisi Wanubi wa Koboko tulilelewa na maji. Nyumbani kwa shangazi yangu Saida, mgeni akitarajiwa, sakafu ya saruji ilioshwa kwa maji na sabuni, ikaachwa na unyevu wake. Mgeni akifika mlangoni akaikuta bado imelowa, alijua imeoshwa kwa ajili yake, si jana, si kwa mwingine. Alivua ndala akaingia miguu mitupu, na ule ubaridi chini ya nyayo ndio ulikuwa karibu yake. Sasa mopu iliyokamuliwa mpaka ikakauka ingeonyesha heshima gani? Kwangu ilikuwa kama kumpa mgeni kikombe kisicho na chai.

Basi Mzee Andama akigeuka tu, nilichukua ile ya nyuzi nikapiga deki kila mahali. Alinikamata mara mbili. Mara ya pili hakupaza sauti. Aliweka mguu juu ya kigae kilicholowa, akausukuma mbele, ukateleza.

"Hadija, angalia. Saruji nakunywa maji. Hii tailisi hapana kunywa. Maji nabaki juu na sabuni yake. Mutu akipita hapa, ataanguka."

"Mzee, wewe naogopa maji kama paka," nikamjibu, na wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda zake.

Shangazi Saida ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Nilipopata kazi hiyo alinuna. "Mtoto yangu napanguza nyayo ya watu," aliwaambia majirani, na maneno yakanifikia. Yaliniuma sana. Nilitaka aje aone kwa macho yake: jengo la vioo, sare yangu safi, watu wazima wakinisalimia kwa jina. Nikampigia simu, nikambembeleza wiki nzima, mpaka akakubali kushuka na gari la asubuhi kutoka Koboko.

Siku hiyo Mzee Andama aliniambia, "Leo mvua iko. Piga na ile bapa, kamua sana." Nikasema ndiyo, mzee. Alipopanda ghorofani nikaisimamisha bapa ukutani, nikachovya ile ya nyuzi, nikaipitisha kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi bila kuikamua. Nikaongeza na sabuni yenye harufu nzuri. Sakafu ikang'aa, nikajiona mtu.

Shangazi akafika, amejifunga gurbaba, ile nguo yetu ya Kinubi, yake ya sikukuu. Alisimama mlangoni, akaangalia chini, akaona maji. Uso wake wote ukafunguka. Alielewa. Akainama, akavua ndala zake, akazipanga pembeni kama mlangoni pa nyumba ya watu wa heshima, akaingia.

Alipiga hatua tatu. Sikuwahi hata kusema subiri. Namna alivyopiga kile kigae sipendi kuieleza, hata leo.

Mfupa wa nyonga ulivunjika. Madaktari walifanya waliloweza, tukamrudisha Koboko, na tangu hapo hakutembea tena bila kushikwa. Aliswali ameketi. Majirani wakimuuliza alisema, "Ni uzee tu. Miguu yangu ndiyo naniangusha. Hadija alinioshea sakafu vizuri sana, kama ya sultani." Alisema hayo mbele yangu, amenishika mkono, na sauti yake ilikuwa na fahari. Ile fahari niliyoitafuta kwake miaka yote nilikuwa nimeipata.

Sikumwambia kwamba kulikuwa na mopu ya pili. Sikumwambia nilionywa asubuhi ileile. Kila nilipokwenda kumwona nilijiambia, leo nitasema. Nikamwogesha, nikampaka mafuta miguuni, nikarudi Arua na siri yangu. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, akafariki. Mzee Andama alikuja matangani. Nilijua atanisuta mbele za watu. Alisema tu, "Pole, Hadija," akaenda kukaa na wanaume. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo usiniambie mopu ni mopu. Kabla hujanunua, nenda ulitembee hilo jengo, tena uvue viatu. Penye saruji ya kukwaruza chukua ya nyuzi nene, maana bapa itachanika. Penye vigae chukua bapa, na ndoo yake iwe na kikamulio, kwa sababu mikono ikichoka haikamui. Mopu ya chooni iwe na mpini wa rangi yake, isivuke mlango wa choo hata siku moja. Nunua na za kubadilishana, maana isiyopata jua inanuka na inapaka uchafu badala ya kuuondoa. Kisha uliza ni nani wanaopita pale: wazee, wajawazito, watu wa magongo? Mimi nilipiga deki ili nionekane. Wewe piga deki ili mtu avuke.

Na ukikosea, maana utakosea tu, sema mapema, wakati uliyemuumiza bado anaweza kukusikia, akukasirikie, akusamehe au akukatalie. Mimi sina wa kunisamehe. Nimebaki na sifa aliyonipa, nayo si yangu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe msimamizi mkali na akupe sikio la kumsikiliza. Na wale uwapendao wakija kukuona kazini, waingie kwa miguu yao, watoke kwa miguu yao. Amina.