Viti Viwili vya Bi Verlene

Bi Verlene Pruitt alikuwa na viti viwili katika uwanja wa chuo chetu, safu ya ishirini na mbili, kando ya ngazi. Kimoja alikikalia mwenyewe. Cha pili kilikuwa cha mumewe, Dub, aliyekufa miaka sita nyuma, na juu yake palikaa kofia ya Dub iliyopauka kwa jua. Ukithubutu kuuliza kama kina mtu, anakukata jicho.

"Kina mtu. Huoni kofia?"

Mimi nilikaa nyuma yake miaka yote hiyo. Naitwa Hoyt, nilikuwa mgawa barua wa mji huu mpaka magoti yakagoma. Kisogo cha Bi Verlene nakijua kuliko sura ya dada yangu, na sikuwahi hata siku moja kumwambia njoo tule. Ndivyo tulivyo hapa Alabama. Jumamosi ya mpira, huu wetu wa umbo la yai, tunakumbatiana na tusiowajua. Jumapili kila mtu na mlango wake. Bi Verlene hakujaliwa mtoto. Alipika jikoni mwa shule ya msingi miaka thelathini na moja, akastaafu, akabaki na runinga na hivyo viti.

Halafu akaja Oleta Stroud, mama yake kocha mpya. Mjane naye, amehamia kwa mwanawe, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Verlene. Kule juu ya uwanja, kwenye vyumba vya vioo vya wakubwa, alikuwa na nafasi yake, akaikimbia. "Wale wanakunywa tu, mpira hawautazami!" Akashuka ngazi anahema, mfuko wa karanga za kuchemsha mkononi, akasimama kwenye safu yetu.

"Shoga, hiki kina mtu?"

Sisi wa nyuma tukajua atakatwa jicho. Bi Verlene akaitazama kofia, akamtazama yule mama. Akaichukua kofia, akaiweka mapajani.

"Kaa. Lakini karanga tunagawana."

Basi ndiyo ikawa hiyo. Jamani, wale wawili walicheka! Walimtukana mwamuzi kwa sauti moja, mpaka watu wa safu ya kumi wakageuka. Na katikati ya wiki bakuli la Bi Verlene, lenye jina lake kwenye utepe wa gundi chini ya kitako, lilikuwa njiani. Likienda lina viazi vitamu, likirudi lina kuku. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu. Hata kama huna kitu, utatia nyanya mbili.

Msimu wa pili tukafungwa mechi tano mfululizo. Hapo ndipo ungetujua. Alfajiri watu walichomeka vibao vya "Nyumba Inauzwa" kwenye bustani ya kocha, bustani nzima, kumwambia ahame. Bi Verlene alivaa glavu akaenda kuving'oa pamoja na Oleta.

"Mijitu mizima haina haya," akawa anasema. "Na nusu yao nimewalisha mimi shuleni. Ningejua, ningewanyima."

Ndipo akapita Royce Tillery, muuza matrekta, mwenyekiti wa Klabu ya Wafadhili wa timu, ambaye jina lake limeandikwa mpaka kwenye mlango wa ukumbi wa mazoezi. Alikuwa na barua ya kutaka kocha aondolewe. Akaketi barazani kwa Bi Verlene, akanywa chai yake ya barafu bila haraka.

"Bi Verlene, mwakani safu yenu tunaipanga upya. Wafadhili wakubwa wanaitaka."

"Kiti cha Dub je?"

"Anayepanga ni mimi, na watu wetu hatuwatupi. Weka jina lako hapa tu, mama. Ataisoma mkuu wa chuo peke yake."

Alisaini. Nami nilisaini, tusidanganyane, na sikuwa hata na marehemu wa kumsingizia.

Jumapili barua ikatoka gazetini, ukurasa mzima, na majina yetu yote chini. Siku mbili baadaye kocha akafukuzwa. Na Alhamisi Bi Verlene akakuta bakuli lake mlangoni, limeoshwa likang'aa. Akafunua kifuniko. Akalifunika, akalifunua tena. Halikuwa na kitu.

Alitoka na ndara zake mpaka kwa kina Stroud. Lori la mizigo lilikuwa limeshawashwa, Oleta yumo kwenye gari la mwanawe.

"Oleta, walikuwa wananinyang'anya kiti cha Dub."

Oleta akashusha kioo kidogo. Alikuwa amelia, si kwamba hakulia.

"Ungeniambia, shoga. Tungetazama tumesimama."

Haya yote alinisimulia Bi Verlene mwenyewe, mbele ya duka la dawa, mkono wake umeng'ang'ania mkono wangu. "Hoyt, nimemuuza mtu aliye hai kwa kiti cha maiti," akasema. Nikamuaga, nikaenda zangu. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Septemba tukaja uwanjani. Kocha mpya, ushindi mkubwa, kelele mpaka masikio yanauma. Tillery alitimiza ahadi yake: Bi Verlene alikuwa palepale, safu ya ishirini na mbili, na viti vyake viwili. Alikuwa na mfuko wa karanga asiougusa. Mapumziko yalipofika nikajipa moyo, nikainama.

"Bi Verlene, nishuke nikae nawe?"

Hakugeuka.

"Kina mtu, Hoyt."

Nikachungulia juu ya bega lake. Kiti kilikuwa kitupu, na kofia ya Dub ilikuwa mapajani mwake.