Glenys na Kifurushi cha Miaka Miwili

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, baridi imekaza mji mzima wa Timaru, Des Cleary alikuwa ameketi mbele ya televisheni akitazama raga. Zilikuwa dakika za mwisho. Mchezaji wa timu yake kaukumbatia mpira, kabakiza hatua chache afike mstarini, mara picha ikaganda. Yule mchezaji akabaki hewani kama shati lililosahauliwa kambani. Picha iliporudi, watu walikuwa wakipeana mikono, na Des hakujua nani kashinda.

Des hakuwa mtu wa kelele. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, akastaafu bila kugombana na mtu. Lakini siku hiyo alizima televisheni akamwambia mkewe kwamba sasa basi. Kampuni iliyokuwa ikiwauzia umeme ilikuwa ikiwabembeleza tangu majira ya baridi yaanze: chukueni na intaneti kwetu, kifurushi kimoja, bili moja, bei itapungua na intaneti itakwenda mbio. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mteja akubali kukaa nao miaka miwili. Akiondoka kabla, atalipa faini.

"Umeme uko kwa jina lako," Des alimwambia. "Wapigie Jumatatu, mke wangu. Mimi na simu unatujua."

Glenys alisema atapiga. Jumatatu ikaja ikapita, na Jumanne nayo.

Nyumba hiyo ilikuwa na wifi mbili, na zote zilimsumbua Glenys. Ya kwanza ni hiyo ya ukutani, iliyokatika kila mtu alipoihitaji. Ya pili ni dada yake Des, Noeline, mjane aliyekaa ng'ambo ya barabara, ambaye hakukatika hata mara moja. Noeline alikuwa ameshajiunga na kifurushi kilekile, akapewa zawadi ya kikaangio cha hewa, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwa kaka yake bila kusimulia jinsi viazi vyake vinavyotoka vikavu na vyekundu bila tone la mafuta.

"Wifi, hujapiga tu?" alimwuliza Glenys, koti bado liko mwilini. "Zawadi zitaisha hizo."

"Nitapiga."

"Ni simu moja. Mimi nilipiga huku namenya karoti."

Noeline hakuwa na ubaya. Alichoshindwa kuelewa ni kwamba Glenys hakuogopa simu, wala hakutilia shaka bei. Alikuwa ameshapiga hesabu, akaona kifurushi kina nafuu ya kweli. Kilichomkaa kooni ni ile miaka miwili.

Baba yake Glenys alikuwa mjenga mabwawa ya umeme. Mtoto alizaliwa Ōtemātātā, kwenye mji uliosimamishwa kwa ajili ya wafanyakazi, na kabla hajajua majina ya majirani bwawa likakamilika, watu wakahama. Wakaenda Tūrangi, wakashuka hadi Manapōuri, wakapanda tena hadi Twizel. Huko nyumba zenyewe zilikuja zimepakiwa juu ya malori, mapazia bado yananing'inia madirishani. Watoto wengine walilia kila walipohama. Glenys alikuwa wa kwanza kupanda gari. Mama yake alisema mtoto huyu mguu mmoja uko mlangoni tangu kuzaliwa.

Alipokua akawa mpishi wa makundi ya wanyoa kondoo. Msimu mzima alihama nao shamba hadi shamba, akaamka kukiwa giza kuwasha jiko, akaoka skonzi za chai ya saa nne, akachoma mapaja ya kondoo, akawatukana wanaume wazima walioingia na viatu jikoni mwake. Kazi ikiisha shamba moja, masufuria yanafungwa, wanasonga. Wanaume walipita maishani mwake vivyo hivyo, bila ugomvi mkubwa.

Des alimpata akiwa ameshavuka miaka hamsini. Alikuja Timaru kutibiwa goti, akapanga chumba kwa rafiki, na rafiki akamkutanisha na mjane mmoja mpole ambaye tangu kufiwa na mkewe alikuwa akisahau hata kulipa umeme, mpaka kampuni ikakaribia kumkatia. Glenys akamwekea mambo sawa. Umeme ukaandikwa kwa jina lake, na mwaka uliofuata naye akaandikwa jina la Cleary. Nyumba ile ndiyo aliyozaliwa Des. Mwanzoni Glenys aliipenda kama mtu apendavyo kitanda baada ya safari ndefu. Alijua ubao upi wa sakafu unalia, akapanda waridi, akayangoja yachanue, jambo ambalo hakuwahi kulifanya popote.

Miaka ilivyokwenda, miguu ikaanza kumwasha tena. Hakumwambia mtu. Angemwambia nini? Mume hana kosa, nyumba haina kosa.

Alhamisi, Des alipokwenda kucheza boli, ule mchezo wa wazee wa kuvingirisha mipira nyasini, Glenys alipiga simu. Akapokelewa na mwanamke mwenye sauti nzuri. Akaulizwa jina, anwani, nyumba ni yao au ya kupanga, wanaishi wangapi, akajibu yote bila kusita. Kisha yule mwanamke akauliza:

"Mna mpango wowote wa kuhama ndani ya miaka miwili hii?"

Glenys akatazama nje. Nguo zilikuwa zimekakamaa kambani kwa baridi.

"Upo, mama?"

"Nipo."

"Nauliza kwa sababu ya ile faini tu. Wengi wanasema hapana, tunaendelea."

"Nina kitu kinaungua jikoni," Glenys alisema, akakata simu. Jiko lilikuwa baridi tangu asubuhi.

Siku zilizofuata hakutulia. Alihamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule, kesho yake akakirudisha. Alitembea hadi bandarini kutazama malori ya magogo yakiingia na kutoka. Siku moja alisema anakwenda dukani, akaendesha gari karibu saa nzima hadi mji wa Fairlie, akapita maduka yote, akaiona barabara inavyonyooka kuelekea milimani. Akaegesha pembeni na injini ikinguruma. Halafu akageuka, akanunua pai mbili za nyama ya nguruwe ili awe na sababu ya safari. Des alikula yake akasema ni tamu. Hakuuliza ni za duka gani.

Juma lililofuata akapigiwa na Tui Waaka. Tui alikuwa binti mdogo wa kuokota manyoya enzi zile; sasa alikuwa mama wa watu wazima na kundi la wanyoaji lilikuwa lake mwenyewe. Mpishi wake alikuwa ameanguka akavunjika mkono, na kondoo wa milima ya Omarama walikuwa wakingoja kunyolewa kabla ya kuzaa.

"Anti Glen, sikuombi useme ndiyo leo," Tui alisema. "Lakini hawa wanaume jana nimewapikia mimi, na wawili wameniuliza kama nimewahi kumwona mpishi."

Glenys alicheka hadi akaketi chini. Akasema atafikiri. Alipoweka simu akaanza kusafisha kabati la vyombo ambalo lilikuwa safi.

Noeline alimkuta humo, kichwa ndani ya kabati, sahani zote ziko sakafuni. Alimtazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Wewe ni kiguu na njia," alisema. "Nilimwambia Des tangu mwanzo. Nikamwambia, huyu mwanamke ukimwoa mfunge kengele."

"Akasemaje?"

"Akasema ataizoea kengele." Noeline akainama, akaanza kumpa sahani moja moja. "Hiyo intaneti ungeshajiunga zamani kama ungekuwa unabaki."

Wakamaliza sahani, Noeline akaenda zake.

Jioni hiyo Glenys alipika mbavu za kondoo na viazi. Wakala. Des alikuwa na tabia ya kukata nyama yote kwanza ndipo aanze kula. Siku hiyo aliikata, kisha akaweka kisu.

"Hujawapigia," alisema.

"Niliwapigia. Nikakata." Akamweleza swali aliloulizwa, akamweleza Fairlie, akamweleza simu ya Tui. Ilimtoka yote kwa mkupuo, bila kumtazama. Alisema hajui kama anataka kuhama. Anachojua ni kwamba aliposikia miaka miwili alihisi kama mtu kamfungia mlango kwa nje.

Des alisikiliza. Nje gari la jirani lilikuwa likikataa kuwaka.

"Nilijua," alisema. "Si Fairlie. Lakini nilijua."

"Sasa mbona unanihimiza kila siku?"

Des alikisogeza kisu kando. "Raga naweza kwenda kutazama klabu. Mimi nilipoiona ile miaka miwili, nilifurahi. Nikasema, basi miaka miwili hii yuko."

Glenys aliona uso unamchemka. "Ulitaka kampuni ya umeme inifunge kamba?"

"Mimi nisingeweza," Des alisema. "Nikadhani labda wao."

Alitaka kukasirika zaidi, hasira ikamponyoka. Alimtazama mtu huyu na nyama yake iliyokatwakatwa vipande sawasawa, ikipoa. Alimwonea huruma, na huruma yenyewe ilimzidishia kutaka kutoka nje. Akainuka, akazunguka meza, akamwekea mkono begani. Kisha akaenda kusimama mlangoni na kuufungua, baridi ikaingia ndani.

"Nakwenda Omarama," alisema. "Mpaka kondoo waishe."

"Na baada ya hapo?"

"Sijui, Des. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

Des akaitikia kwa kichwa, akaanza kula.

Noeline alipopata habari alivuka barabara bila koti. Alitaka kujua mume anaachiwa nani.

"Nakuachia wewe, wifi," Glenys alisema. "Ulikuwa naye kabla yangu."

Kabla hajaondoka, Des alifanya jambo ambalo mkewe hakulitarajia. Alimwomba namba ya kampuni, akajifungia chumbani na simu, Glenys akimsikia kupitia ukuta akitaja herufi za jina lake moja moja kama mtoto wa shule. Akauhamishia umeme kwenye jina lake, na intaneti akaichukua pamoja nao. Alipotoka, jasho limemtoka ingawa ni majira ya baridi, alisimulia kwamba na yeye aliulizwa habari ya kuhama. Alisema yeye hahami. Kuhusu mwenzake hajui, na mwenzake mwenyewe hajui. Yule msichana wa kwenye simu akasema hilo hana pa kuliandika.

"Wamekupa zawadi gani?" Glenys aliuliza.

"Kikaangio. Nimemwambia ampelekee mtu mwingine. Akasema haiwezekani."

Glenys akaenda Omarama. Wiki ya kwanza mgongo ulimwuma hata akalala na viatu, lakini alilala usingizi wa mtu aliyefika. Wanyoaji walikula skonzi zake kimya, na kwa watu wale kimya ndiyo sifa. Simu ilishika mlimani tu, kwa hiyo baada ya kazi alikuwa akipanda na gari hadi juu, anampigia Des. Intaneti mpya ilikuwa nzuri, Des alisema, ila Jumamosi iliyopita iliganda tena, na safari hii alikuwa na Noeline ambaye alizungumza muda wote wa kuganda. Wakimaliza maneno Glenys alibaki pale juu ndani ya gari. Huku chini kambi, huku nyuma Timaru, na moyo wake haukutaka kwenda popote kati ya hapo pawili. Siku nyingine aliwaza Perth, ng'ambo ya bahari, ambako hajawahi kufika.

Kabla ya shamba la mwisho alipata siku mbili, akaenda nyumbani. Des alikuwa amechoma kuku kwenye kile kikaangio, mkavu kupita kiasi, na Glenys akala hadi mwisho. Akatazama kisanduku kipya ukutani, taa zake za kijani zikimetameta. Akagusa kabati, akagusa pazia, akaingia chumbani akatoka.

"Kaa basi," Des alisema, akimwachia nafasi kwenye kochi.

Akakaa. Raga ikaanza. Alimwegemea mumewe, akasikia joto lake, akaona kweli ni pazuri. Kipindi cha kwanza hakijaisha akainuka, akasema anakwenda kuchungulia kama gari kalifunga. Des akasema sawa, akavuta blanketi hadi upande wa Glenys ili pasipoe.