Mbao Tulizoazima Nambambo

Nakumbuka vizuri, mwanangu, yale waliyoyasema niliporudi Nambambo na stashahada yangu ya ujenzi. "Mtoto wa muuza ufuta atatuvusha mto? Huyo hata banda la kuku litamwangukia!" Leo malori ya korosho yanapita juu kwa juu kwenda Ruangwa, na daraja lile la zege nililisimamia mimi. Sijisifu bure, mwenye macho akatazame.

Kabla yake tulikuwa na daraja la mbao la kuinuliwa. Mto ukijaa, tulilivuta juu kwa minyororo lisichukuliwe na maji; ukipungua, tunalishusha. Kila kaya ilikuwa na ubao wake pale, wenye alama iliyochomwa kwa chuma cha moto.

Basi, siku za kumwaga zege zikafika, na lori lililokuwa linaleta mbao zetu likakwama kwenye tope. Mvua zilikuwa zinanukia. Nikaenda kuomba daraja la zamani livunjwe, mbao zake zishikilie zege hadi likauke. Elewa uzito wake, mwanangu: zege lingeshindwa, kijiji kingekaa masika yote bila njia ya kwenda sokoni wala hospitali.

Wazee waliguna. Aliyekubali wa kwanza ni Bibi Somoe, mtunza minyororo. "Chukua ubao wangu, mume wangu," alinitania, kama bibi na mjukuu wake. "Lakini nakuazima. Sikupi."

Zege likakauka, mbao tukazifungua, na wiki hiyo hiyo mto ukafurika. Maji yalipita chini kabisa yakinguruma bure. Vigelegele! Nikapanda darajani, nikaanza kuwataja kwa majina walionicheka. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe.

Bibi Somoe alinisogelea taratibu. "Ubao wangu uko wapi?"

"Bibi, si zege hili? Ubao wa nini tena?"

"Kwani nilikupa? Kesho mtoto mwingine atatoka chuoni aje kuazima. Watu watamkatalia kwa sababu yako."

Nikashuka.

Mbao zilikuwa zimerundikwa kando, zimegandwa na saruji. Nilizikwangua hadi viganja vikachubuka, nikazibeba kichwani nyumba kwa nyumba, nikifuata alama. Ubao wa Mzee Ismaili tulikuwa tumeukata. Nikamtolea mmoja wa kitandani kwangu, nikalala mkekani. Wa mwisho ulikuwa wa Bibi Somoe. Aliugonga kwa kidole, akausikiliza, akacheka. "Sasa umevuka, mume wangu."

Mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ukishafika juu, shuka kwanza urudishe ulichokanyagia, maana nyuma yako kuna mwenzako anayekuja kuomba kwenye mlango ule ule. Mungu akupandishe juu kuliko mimi, na huko juu asikukute na ubao wa mtu.